Namna ya kuisoma To Kill a Mockingbird kwa mara ya pili

Kisa unakijua tayari, kwa hiyo safari hii msikilize msimulizi. Riwaya hii ya Harper Lee, iliyotoka mwaka 1960, inaanza msichana Scout akikaribia miaka sita na kuisha akikaribia tisa, lakini anayesimulia ni mtu mzima anayekumbuka. Shika penseli. Pembeni ya ukurasa weka alama moja anapoongea mtoto, nyingine anapojitokeza mtu mzima. Baada ya sura tatu jicho huzoea.

Usiziruke sura 11 za kwanza ili uiwahi kesi ya Tom Robinson, Mweusi anayeshtakiwa kumbaka Mayella Ewell, msichana mweupe. Wengi huziona michezo ya watoto tu, kumbe humo ndimo unamowajua watu wa Maycomb, mji wa kisa hiki, na usipowajua, hukumu yao haitakuuma inavyopaswa.

Sura ya 17 hadi ya 21 zisome kwa kikao kimoja, karatasi ikiwa imegawanywa safu mbili: kilichothibitishwa na kilichodaiwa. Nenda polepole na ushahidi wa sherifu. Kwanza anasema jicho la Mayella lililoumia ni la kushoto. Atticus, baba yake Scout na wakili wa Tom, anamuuliza, kushoto kwa nani? Anafikiri, kisha anajirekebisha: ni la kulia. Jibu hilo dogo limebeba utetezi wote, maana jicho la kulia huelekea kupigwa na mkono wa kushoto: Bob Ewell, baba yake Mayella, anaandika kwa mkono huo, na mkono wa kushoto wa Tom Robinson ulilemaa alipokuwa mvulana, uliponaswa na mashine ya kuchambua pamba. Safu ya kwanza itajaa, na bado Tom atatiwa hatiani. Andika pia nani ameketi wapi: Weusi juu roshani, na kwenye juri wanaume weupe watupu.

Sura ninayoiona kali kuliko zote ni ya 24. Kina mama wa kanisa wanawasikitikia Wamruna, kabila la kubuniwa la Afrika, na papo hapo wanalalamika kwamba watumishi wao Weusi wamenuna tangu kesi iishe. Scout yumo humo humo, anasikia yote, haelezi kitu. Pigia mstari kila sentensi ya namna hiyo, halafu fanya vivyo hivyo kwa mwalimu wa sura ya 26 anayemlaani Hitler.

Filamu ya mwaka 1962 iweke kando hadi umalize, la sivyo Atticus atakuwa na uso wa mwigizaji. Go Set a Watchman, riwaya nyingine ya Lee iliyochapishwa mwaka 2015, isisomwe kama mwendelezo: iliandikwa kabla, na Atticus wake ni mtu mwingine kabisa.

Mwisho, rudi sura ya 24 uandike ukurasa mmoja kwa macho ya Calpurnia, mpishi Mweusi wa nyumbani kwa Atticus, Atticus anapoingia jikoni na habari kwamba Tom ameuawa. Hesabu mambo utakayolazimika kuyabuni. Kanisa lake tunalijua, na Zeebo mwanawe mkubwa tunamjua. Alichokiwaza njiani akienda na Atticus kwa mjane wa Tom hakimo kitabuni.