Kabla ya kumnunulia mbwa mwenye mzio chakula cha kopo kisicho na nafaka

Katika nyumba nyingi za Mbeya na Iringa mbwa hula ugali wa dona uliochanganywa na dagaa, au pumba zilizopikwa pamoja na utumbo wa ng'ombe, na kwa sababu hiyo anapoanza kujikuna usiku kucha, mahindi ndiyo yanayolaumiwa kwanza. Hata hivyo, kwa mbwa wenye mzio wa chakula, kinachowasumbua mara nyingi zaidi ni nyama ya ng'ombe, maziwa au kuku. Ngano nayo imo, lakini mahindi ni nadra. Kopo lisilo na nafaka lililojazwa kuku halitamsaidia mbwa anayedhuriwa na kuku.

Kabla ya kutoa fedha, viroboto na ukurutu viondolewe kwenye orodha, ikiwezekana kwa kumwona daktari wa mifugo. Mbwa mwenye mzio wa viroboto hujikuna zaidi kiunoni na kwenye shina la mkia, ilhali mzio wa chakula hujitokeza mara nyingi kwenye nyayo, masikio, kwapa na tumbo. Mbwa wangu, ambaye ni mweupe, alilamba miguu yake ya mbele hadi manyoya ya katikati ya vidole yakageuka rangi ya kutu, na masikio yake yakawa yananuka kama ulanzi uliochacha. Sikuhitaji kuambiwa mara mbili kwamba anateseka.

Ukishaandika kila nyama aliyowahi kula, chagua kopo lenye nyama ambayo hajaizoea, kwa mfano sungura au bata, kisha usome orodha ya viambato hadi neno la mwisho. Picha ya bata iliyo mbele ya kopo si ushahidi, kwani ndani mnaweza kuwa na maini ya kuku, na rojo lenyewe mara nyingi huongezewa uzito kwa unga au protini ya ngano. Lebo inayosema tu “nyama na mazao ya wanyama” bila kumtaja mnyama, mimi huirudisha kwenye rafu. Kadhalika kopo lililovimba au lililobonyea kwenye mshono halifai, hata likiuzwa kwa punguzo.

Jambo jingine ni kile kinachochukua nafasi ya nafaka, ambacho aghalabu ni njegere, dengu au viazi. Mwaka 2018 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, ilitangaza kwamba inachunguza taarifa za mbwa waliopata ugonjwa wa moyo kutanuka huku wakilishwa vyakula vya aina hiyo. Uhusiano huo haujathibitishwa kuwa ndio chanzo, lakini unatosha kunifanya nisimwachishe nafaka mbwa ambaye hazimdhuru.

Jaribio la kweli, yaani kumlisha mbwa kopo hilo pekee bila kuonja kitu kingine, huchukua wiki 8 hivi, na hapa ndipo wengi hushindwa. Kopo la gramu 400 huwa na maji takriban robo tatu, hivyo mbwa wa kilo 10 anaweza kuhitaji zaidi ya kopo moja kwa siku, yaani zaidi ya makopo 56. Uliza kabla ya kuanza kama muuzaji wako ataweza kukupatia chapa hiyo hiyo muda wote, na uwaeleze watoto na mlinzi kwamba mfupa mmoja wa kuku unavuruga kazi ya wiki nzima. Kopo lililofunguliwa lifunikwe, likae kwenye friji na liishe ndani ya siku mbili au tatu. Baridi ya Juni ya Uyole isichukuliwe kuwa friji.

Akipona, mrudishie ugali wa dona peke yake, bila dagaa wala mchuzi, kwa wiki mbili. Miguu ikibaki mikavu na masikio yasiponuka, basi mahindi hayakuwa na kosa, na kinachobaki ni kujaribu nyama moja baada ya nyingine.