Kabla ya Kuchukua Sampuli ya Kwanza: Maandalizi ya Utafiti wa Virusi vya Njia ya Hewa

Utafiti wa virusi vya njia ya hewa mara nyingi huharibikia njiani, kabla sampuli haijafika maabara, na hakuna mashine ya PCR, ile inayotambua virusi kwa vinasaba vyake, hata iwe ghali namna gani, inayoweza kurudisha kilichopotea humo.

La kwanza kuamuliwa ni nani atakayepimwa. Kwa kigezo cha Shirika la Afya Duniani, mgonjwa wa maambukizi makali ya njia ya hewa ni yule aliyelazwa akiwa na kikohozi, pamoja na homa ya nyuzi 38 au zaidi au maelezo kwamba alikuwa na homa, yote yakiwa yameanza ndani ya siku 10. Kigezo hicho kinafaa kwa influenza, yaani homa ya mafua. Hata hivyo, watoto wachanga wengi wenye virusi vya RSV, ambavyo huwashambulia mapafu, hawapandi homa, na mtafiti anayeitegemea homa atawakosa wale wale aliowafuata. Huko Kilifi, katika pwani ya Kenya, watafiti waliofuatilia kaya 47 katika msimu wa RSV wa 2009 na 2010 walichukua sampuli puani mwa wanakaya mara mbili kwa wiki, wazima kwa wagonjwa. Hapo ndipo ilipodhihirika kwamba maambukizi mengi hayakuwa na dalili yoyote, na kwamba mara nyingi aliyemletea mtoto mchanga virusi nyumbani ni kaka au dada yake anayekwenda shule. Wangewangoja wanaokohoa tu, wasingeliona hilo.

Kalenda nayo ina hukumu yake. Kilifi, wimbi la RSV kwa kawaida huanza mwishoni mwa mwaka na kuendelea hadi miezi ya mwanzo ya mwaka unaofuata, ilhali idhini ya kamati ya maadili, na kwa Kenya kibali cha NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu, juu yake, inaweza kuchukua miezi. Anayewasilisha maombi wimbi likiwa limekwisha kuanza atapata kibali wodi zikiwa zimetulia.

Vijiti vya kuchukulia sampuli vikaguliwe kabla ya kununuliwa, kwa kuwa vile vya mti vyenye pamba, ambavyo ndivyo rahisi kupatikana, huweza kuzuia kipimo cha PCR kufanya kazi. Vinavyotakiwa ni vya plastiki vyenye ncha ya nyuzi za sintetiki. Anayechukua sampuli ya nyuma ya pua afundishwe kukiingiza kijiti sambamba na kaakaa, si kukielekeza juu, na afundishwe pia kumweleza mzazi ukweli: kwamba mtoto atalia, macho yatamtoka machozi, na kwamba kinachochukuliwa ni kamasi wala si damu. Nionavyo mimi, maelezo hayo machache yana uzito kuliko karatasi ya ridhaa yenye kurasa sita.

Baridi ndiyo inayotaka uangalifu mkubwa kuliko yote. Sampuli iliyo katika kimiminika cha kuhifadhia virusi hukaa kwenye nyuzi 2 hadi 8 kwa muda usiozidi saa 72. Ikichelewa zaidi ya hapo ihifadhiwe kwenye nyuzi 70 chini ya sifuri au baridi zaidi. Friza ya kawaida ya nyuzi 20 chini ya sifuri haifai, hasa kwa RSV, ambayo ni dhaifu na hufa kwa wingi inapogandishwa na kuyeyushwa, jambo linalomuumiza anayetaka kuiotesha maabara. Lebo pia zijaribiwe: chupa ilazwe usiku kucha kwenye maji ya barafu, kisha isuguliwe kwa kidole. Wino ukitoka, hiyo ni sampuli isiyo na mwenyewe.

Mwisho, ifanywe safari moja ya majaribio bila mgonjwa. Chupa tupu zifungwe kwa matabaka matatu kama zitakavyofungwa siku yenyewe, kipimajoto kiwekwe ndani ya kasha la barafu, na dereva aondoke Ijumaa alasiri, saa ambayo barabara ina foleni na mwenye ufunguo wa chumba cha friza huenda amekwisha kwenda nyumbani.