Namna ya kusafisha na kupiga santuri ndogo za muziki wa soul

Santuri ya inchi 7 ya Motown au Stax, kampuni za Marekani zilizotoa muziki wa soul, iliyolala kabatini tangu miaka ya 1960 isipigwe kabla ya kusafishwa, kwa sababu sindano hulikandamiza vumbi ndani ya mifereji yake. Ishike kwa kingo, iinamishe chini ya taa na uitazame: alama za vidole hutoka, mkwaruzo hautoki.

Ipanguse kwanza kwa brashi laini, kisha kwa kitambaa kisichoacha nyuzi, kilicholoweshwa kidogo kwa maji yaliyokenekwa, ukifuata mzunguko wa mifereji bila kuigusa karatasi ya katikati. Spiriti iepuke, maana baadhi ya santuri za Marekani za wakati huo ni za polistaireni, plastiki inayoweza kuharibiwa na spiriti, si vinili, plastiki ya kawaida ya santuri.

Kwa kuwa nyingi zina tundu pana, weka kipachiko cha plastiki na uchague mizunguko 45 kwa dakika. Ukiiacha kwenye 33, Otis Redding ataimba kama mtu aliyeamshwa usiku wa manane. Upande wa pili nao usikilize: “Green Onions” ya Booker T. & the M.G.'s ilitoka mara ya kwanza, mwaka 1962, ikiwa upande wa pili.