Pikipiki ikitetemeka, angalia gia kabla hujaenda kwa fundi

Watu wanasema tu "inatetemeka" lakini kutetemeka kwa pikipiki kuko kwa namna mbili. Kuna ule mtetemo mzito wa kushtuashtua, unausikia kiunoni na kwenye kiti, pikipiki inaenda kwa kusitasita na cheni inagongagonga. Halafu kuna ule mwembamba wa haraka, huo unausikia vidoleni na kwenye nyayo, vioo vya pembeni navyo vinaanza kucheza mpaka gari la nyuma yako unaliona kama doa tu hujui hata ni gari gani. Huo mzito maana yake uko gia ya juu mno kwa mwendo ulionao, shuka gia. Huo mwembamba maana yake injini inazunguka sana, panda gia moja kama barabara inaruhusu. Kwa pikipiki nzima isiyo na ubovu, mara nyingi mambo yanaishia hapo.

Sasa kwa nini iko hivyo. Injini ya pistoni moja ya stroku nne inalipua mafuta mara moja kila krenki, ile shafti inayozungushwa na pistoni, ikizunguka mara mbili. Kwahiyo kwenye mizunguko 2000 kwa dakika unapata milipuko 1000, yaani kama 17 kwa sekunde, na kati ya mlipuko na mlipuko krenki inapungua mwendo halafu inasukumwa tena ghafla, huo mshtuko unapita kwenye gia, unavuta cheni, unabinya zile raba za kwenye habu ya nyuma, pale katikati ya gurudumu, ndo unakufikia wewe. Kwenye mizunguko 6000 milipuko inakuwa 50 kwa sekunde, imebanana kiasi kwamba huwezi kuusikia mmoja mmoja. Tatizo huko juu linaingia jingine, uzito wa pistoni yenyewe inayopanda na kushuka, na hii ukizidisha mizunguko mara mbili nguvu ya kutikisa inakuwa mara nne, siyo mara mbili. Ndo maana hapo katikati kuna sehemu injini inatulia.

Hiyo sehemu kila pikipiki ina ya kwake na utaijua kwa kuijaribu. Tafuta barabara tambarare isiyo na magari, nenda 40 kwa saa na gia ya tatu, kisha mwendo huohuo na gia ya nne, kisha ya tano kama unayo, na kwenye kila gia ongeza mafuta kidogo tu usikilize inakujibu vipi. Ukiongeza ikavuta palepale bila kushtuka, hapo uko sawa. Ikiwa inasita, inakoroma, inajivuta ndo ianze kwenda, hiyo gia ni ya juu mno. Ikilia sana lakini mwendo hauongezeki wa maana, iko chini mno. Pikipiki nyingi ndogo hazina mita ya RPM, yaani ya mizunguko ya injini kwa dakika, ila angalia vizuri kwenye mita ya spidi, baadhi zina vimistari vidogo vyenye namba za gia vinavyoonyesha kila gia inafaa kutoka spidi gani mpaka spidi gani, watu wanaipita kila siku bila kuiona. Na kama mita ya RPM unayo, fungua kitabu cha pikipiki uone nguvu ya kuvuta, ile ya Nm, inafika kileleni kwenye mizunguko mingapi. Kama ni 6000, basi ukiwa na mzigo au abiria usikae chini ya nusu yake huku umefungua mafuta mengi.

Hapo kwenye mafuta mengi ndo penye shida yenyewe. Gia ya juu na mizunguko midogo peke yake haiui injini, kama uko tambarare mkono umeugusa kidogo tu ni sawa na hata mafuta utayabana. Shida ni mtu anaingia kwenye mlima na gia ya tano, pikipiki inaanza kuishiwa, badala ya kushuka gia anazidi kukaza mafuta mpaka mwisho, injini haina pa kwenda, inatetemeka na wakati mwingine unasikia mlio kama kokoto ndani ya kopo. Huo mlio ni mafuta yanalipuka ovyo ndani ya silinda na joto linapanda vibaya. Na pampu ya oili inazungushwa na krenki hiyohiyo, kwahiyo krenki ikienda polepole oili nayo inasukumwa kidogo, wakati beringi za krenki ndo zimebeba mzigo mkubwa kuliko wakati wote. Mimi kati ya mtu anayetembea gia moja chini na anayetembea gia moja juu, bora huyo wa chini, mafuta yatamwishia haraka kidogo na kelele itakuwepo lakini injini itadumu.

Kwahiyo mlimani shuka gia mapema, kabla pikipiki haijachoka. Punguza mafuta, bana klachi, gonga gia moja chini, gusa mafuta kidogo injini ipande mizunguko, achia klachi taratibu. Hako kakugusa mafuta wengi wanakaruka ndo maana pikipiki inawarusha mbele kila wakishusha gia. Moja moja tu, usishushe mbili kwa mpigo ukaachia klachi ghafla, hasa barabara ikiwa imelowa, tairi la nyuma linaweza kujifunga ukaserereka.

Kwenye mteremko mrefu usipande gia hata ukisikia ule mtetemo mwembamba, hapo gia ya chini ndo inayokushikilia, injini italia na mikono itatetemeka kidogo, acha itetemeke. Wale wa kuweka nyutro wateremke kimyakimya ili wabane mafuta wanabaki na breki peke yake, na breki ikipata moto sana inaacha kushika.

Za pistoni mbili au nne habari ni hiyohiyo ila mtetemo ni mdogo, na hata za pistoni moja nyingi siku hizi zina shafti ya kusawazisha inayopunguza mtetemo. Pistoni nne za kwenye mstari hazishtui sana chini, ila spidi ikipanda zinakuwa na kale kamtetemo kembamba ka kwenye usukani. Ukisafiri mbali vidole vikaanza kufa ganzi, legeza mkono, usiukamate usukani kana kwamba utakukimbia.

Umebadilisha gia na bado? Ukiwa kwenye mwendo ule ule unaotetemeka, na nyuma hakuna gari, funga mafuta ubane klachi uache itembee yenyewe. Mtetemo ukiendelea, injini haihusiki, angalia matairi, rimu, spoku, beringi za magurudumu. Mtetemo ukikata, simama, weka nyutro, pandisha mizunguko ile ile. Mtetemo ukirudi, kagua bolti zinazoshika injini kwenye fremu na zile za silensa, mara nyingi utakuta moja imelegea au imeshadondoka kabisa. Usiporudi, twende kwenye cheni. Weka stendi ya kati, sukuma cheni juu na chini pale katikati, pikipiki nyingi ndogo zinataka icheze milimita 20 hadi 30 ila fuata kitabu chako. Halafu zungusha tairi kidogo upime tena, na tena, maana cheni iliyochoka hailegei sawa, sehemu moja inakaza nyingine inaning'inia. Hiyo hata uikaze vipi itaendelea kushtua kwenye kila gia, badilisha pamoja na sproketi zake, zile gia za meno zinazoshika cheni.