Somo: Kuokoa muziki wa tamthilia za zamani za runinga na kuurekodi upya

Habari za Jumamosi wapendwa. Nimeombwa mara nyingi niandike somo hili, na leo nimekaa nalo tangu asubuhi.

Sisi tuliokulia Kirumba tulikuwa na kengele moja ya jioni: wimbo wa mwanzo wa tamthilia ukitoka dirishani kwa jirani mwenye runinga. Ukisikia kinanda kinaanza, unaacha ndoo ya maji ilipo, unakimbia. Televisheni Tanzania Bara ilianza kwa vituo binafsi mwaka 1994, na baadaye Star TV ikawa inarusha kutoka hapa hapa Mwanza. Waigizaji wa enzi zile bado tunawakumbuka kwa sura. Waliopiga ule muziki hatuwakumbuki, na muziki wenyewe mara nyingi haukutolewa popote kama wimbo. Ulichanganywa na maneno ya waigizaji, ukabaki humo.

Mikanda ya vituo ilikuwa ghali, hivyo vipindi vipya vilirekodiwa juu ya vilivyokuwemo. Msidhani ni umaskini wetu tu. BBC ya Uingereza nayo ilifuta vipindi vingi vya miaka ya 1960 na 1970, vikiwemo vya tamthilia yao ya Doctor Who. Lakini sauti ya kila kipindi cha Doctor Who kilichopotea ipo hadi leo, kwa sababu watazamaji walikuwa nyumbani na mashine zao wakirekodi sauti tu. Nawaomba msiidharau kaseti ya shangazi.

Hatua ya 1: Kutafuta

Anzeni na mikanda ya video ya harusi. Ninasema hivi kwa uzoefu. Mkanda wa VHS wa E-180 unachukua dakika 180, harusi ikaisha kwenye saa mbili, na nafasi iliyobaki watu walirekodia tamthilia. Juu imeandikwa "Send-off ya Dada", ndani mwishoni kuna hazina. Upelekeni mbele hadi mwisho kabisa. Ulizeni pia waliokuwa na vibanda vya kuonyesha video, na mafundi wa Makoroboi na Mlango Mmoja ambao huletewa deki ikiwa na mkanda tumboni.

Kaseti za kawaida zilizorekodiwa kwa kuweka redio mbele ya runinga nazo zichukueni, hata kama mnao mkanda wa video wa kipindi hicho hicho. Kaseti hukimbia sentimita 4.76 kwa sekunde. Mkanda wa VHS kwa kasi ya kawaida ya PAL, mfumo wa runinga wa huku kwetu, hukimbia 2.34 tu, na sauti yake ya kawaida imelala kwenye kijistari chembamba sana pembeni. Ndiyo maana mkanda uliokunjika ukingoni huonyesha picha safi huku sauti ikipotea na kurudi. Kaseti ya redio inaweza kuwa na kinanda kilicho wazi zaidi, ingawa kuna mtoto analia chumbani.

Hatua ya 2: Ukaguzi

Fungueni kifuniko cha mkanda mbele ya dirisha, muutazame ule mviringo wa utepe kwa kupitia plastiki. Ukiona kama vumbi la unga wa sembe limekaa kwenye kingo za utepe, huo ni ukungu. Unyevu wa ziwa unaupenda sana mkanda, hasa ukipita masika kabatini. Usiuchezeshe! Utachafua hedi, kile kichwa kinachosoma mkanda, na deki itaambukiza mikanda mingine yote. Uweke kwenye chombo kinachofunga vizuri pamoja na vile vifuko vya kukausha unyevu vinavyokuja kwenye viatu vipya, siku kadhaa, kivulini. Si juani, wala si kwenye mchele, maana mchele una vumbi lake. Ukikauka, vaa barakoa, toka nje, ufute ukungu taratibu kwa kitambaa laini huku ukizungusha gurudumu kwa mkono.

Hatua ya 3: Deki na kaseti

Kampuni ya mwisho iliyojulikana kutengeneza deki za VHS, Funai ya Japani, iliacha mwaka 2016. Deki mnayoipata leo ni mtumba, kwa hiyo ijaribuni kwanza kwa mkanda usio na thamani, wa filamu yoyote. Mimi sikufanya hivyo. Nilimwachia fundi mmoja mkanda wa mama yangu, akautia kwenye deki yenye mpira uliochakaa, ikautafuna. Karibu dakika nne zilikunjika kama karatasi ya peremende. Zilikuwa dakika nne za mwanzo wa kipindi, pale pale penye wimbo. Miaka mingi imepita na bado inaniuma.

Kwa kaseti, kuna skrubu ndogo pembeni mwa hedi. Hiyo hurekebisha mlalo wa hedi ili ulingane na ule wa redio iliyorekodi. Chezesha kaseti, zungusha skrubu kwa bisibisi ndogo, robo mzunguko au chini ya hapo, huku unasikiliza sauti za juu: matoazi, herufi "s" za waigizaji, manyanga. Kuna mahali zinakuwa kama mtu ametoa shuka usoni. Acha hapo hapo. Fanya hivyo kwa kila kaseti, maana kila redio ilikuwa na mlalo wake. Hakuna programu ya kompyuta itakayokurudishia usichokichukua hapa.

Safisha hedi kwa pamba na spirti safi isiyo na manukato, uache ikauke.

Hatua ya 4: Kuingiza kwenye kompyuta

Toa sauti kwenye tundu la nyekundu na nyeupe, si kwenye spika. Rekodi faili la WAV lisilobanwa, biti 24, kilohezi 96 ikiwezekana, au 48 kama kifaa hakifiki huko. Kwa 96, saa moja ya stirio inakula takribani GB 2. Usirekodi MP3. Usiondoe mlio, usipandishe sauti, usikate. Hilo faili ndilo la asili, liite hivyo, kisha fanya kazi kwenye nakala. Weka nakala tatu, na moja iwe nje ya nyumba yako. Yangu iko kwa kaka yangu Shinyanga.

Hatua ya 5: Kasi

Hapa ndipo wengi wanapokosea. Redio iliyorekodi kwa betri zilizochoka ilikwenda polepole, hivyo leo kwenye mashine nzima wimbo unakimbia na kinanda kimepanda. Ukiuandika kama unavyousikia, utaurekodi katika ufunguo ambao haukupigwa.

Sikiliza sehemu tulivu, halafu itazame kwenye grafu ya masafa ya Audacity, programu ya kurekodi na kuhariri sauti. Umeme wetu ni hezi 50, yaani mitikisiko 50 kwa sekunde, na mvumo wake huonekana vizuri kwenye 100, mara mbili yake. Kwanza simamisha kaseti uone kama mvumo unabaki: ukibaki, ni wa vifaa vyako, si wa zamani. Kwenye kaseti yangu moja mvumo wa zamani ulikuwa 103. Hiyo ni asilimia 3, karibu nusu ya safari kutoka kibonye kimoja cha kinanda hadi cha jirani yake. Ndiyo maana mpiga kinanda wangu alilalamika kwamba wimbo "uko katikati ya vibonye". Nilishusha mwendo pamoja na kimo cha sauti, si mwendo peke yake, wimbo ukakaa kwenye vibonye.

Kama runinga ilikuwa inatumia betri ya gari, mvumo hamtaupata. Tafuteni mluzi mwembamba kwenye hezi 15,625. Ni mluzi wa runinga za kioo kinene: mistari 625 mara picha 25 kwa sekunde. Kaseti nyingi hazikuushika, lakini ukiupata ni kipimo cha kuaminika kuliko umeme, maana umeme wenyewe hupanda na kushuka.

Hatua ya 6: Kuutoa wimbo chini ya maneno

Wimbo wa mwanzo huwa wazi. Kazi ipo kwenye muziki wa ndani, ule wa mama akisoma barua au wa kijana akishuka melini. Juu yake kuna maneno, mlango, jogoo.

Siri ni kwamba watengenezaji walirudia vipande vile vile. Muziki wa huzuni wa kipindi cha tatu unarudi kipindi cha saba, ila safari hii mwigizaji ananyamaza pale alipoongea mwanzo. Kusanyeni marudio yote, muyapange kwenye mistari tofauti ya programu, pigo kwa pigo, halafu msikilize kila sekunde kwenye mstari ulio wazi zaidi. Mimi nilihitaji vipindi tisa kupata sekunde 48. Sekunde ya 31 ilikuwa na kikohozi au maneno katika vyote isipokuwa kimoja, na katika hicho kimoja ndipo nilipogundua kwamba filimbi ilikuwa inajibu kinanda. Miaka yote sikuwahi kujua kuna filimbi.

Programu za kutenganisha sauti kama Demucs zinasaidia kusikia besi. Tumieni kama miwani tu. Huacha mashimo pale mtu alipoongea, na wakati mwingine huichukua filimbi zikidhani ni mtu.

Andikeni mnachosikia kwa rangi mbili: bluu kwa kilichosikika wazi, nyekundu kwa mnachokisia. Msije mkasahau ipi ni ipi.

Hatua ya 7: Kurekodi upya

Mtafuteni aliyepiga kabla ya kumtafuta atakayepiga. Mzee mmoja niliyemfuata Nyakato alinisikiliza nikimchezea kipande changu, akasema, "Mwanangu, hapo hukosei wewe, nilikosea mimi siku ile." Kisha akapiga alivyokusudia. Nilirekodi vyote viwili, na vyote viwili ninavyo. Mkanda unasema kilichorushwa, mpigaji anasema alichotaka. Msichague kimoja mkafuta kingine.

Tumieni ala zilezile mkiweza, hata kinanda chenye sauti "za bei rahisi" za wakati ule. Sauti mpya za kifahari zinaua kumbukumbu. Na kwenye jina la faili andikeni kwamba imerekodiwa upya, mwaka gani, na nani kapiga.

Ruhusa ni lazima. Chini ya Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999, utunzi unalindwa maisha yote ya mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake. Kupiga kwa mikono yako hakukufanyi kuwa mwenye wimbo. Zungumza na mtunzi au familia yake, na uliza COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwanachama, Sengerema: Shikamoo mwalimu. Mkanda wangu umekatika, nimeuunga kwa soloteipu. Nimekosea?

Marahaba. Ndiyo, ila usihuzunike, unarekebishika. Gundi ya soloteipu huvuja na kuganda kwenye hedi. Iondoe, kata kipande kilichopata gundi, uunge kwa utepe maalumu wa kuungia, upande wa mgongo tu, usioguswa na hedi. Kipande ulichokata kihifadhi kwenye bahasha. Kwenye VHS chezesha ukiwa umekaa karibu, na ukikaribia kiungo simamisha, utoe mkanda, uvushe kiungo kwa mkono.

Mwanachama, Bukoba: Muziki wangu umepigwa kwa nanga, ile ala ya nyuzi ya kwetu. Kinanda hakiendani nayo hata nikirekebisha kasi.

Wala hakitaendana, dada yangu. Nanga haikutungwa kwa vibonye vya piano. Usiilazimishe. Pima kila uzi peke yake kwenye programu, uandike umepanda au umeshuka kiasi gani, kisha umpe mpiga nanga aikaze hivyo. Usipompata mpiga nanga, subiri. Huko kwenu bado wapo.

Mwanachama, Igoma: Mwalimu, nimepewa diski ya flopi iliyokuwa ya kinanda cha kundi letu. Ina thamani?

Kaka, shika kwa mikono miwili! Nunua kisomeo cha flopi cha USB, nakili kila kitu kabla hujafungua chochote. Ukikuta faili za MIDI, hizo hazina sauti ndani, zina maelekezo: kibonye gani, lini, kwa nguvu gani. Kila noti ya mpigaji imo. Lakini zikichezwa kwenye kinanda kingine, ala zinatoka na sauti tofauti. Ulizia kundi kinanda kilikuwa aina gani, modeli gani.

Mwanachama, Ukerewe: Samahani mwalimu, mimi nimepata sekunde 11 tu za wimbo wa mwanzo, mwisho umekatwa. Mpigaji amefariki. Vijana wangu wanataka tumalizie wenyewe.

Pole sana kwa msiba. Rekodini sekunde 11, mwache pale ulipokatika. Mwendelezo wa vijana rekodini kwenye faili jingine, kwa jina lao. Na ile ya sekunde 11 pelekeni kwa familia ya marehemu mkaisikilize pamoja. Mimi nilipofanya hivyo kwa familia moja huku mjini, binti yake aliendelea kuimba muziki ulipokoma. Nendeni na kinasa sauti kikiwa kimewashwa.