SOMO: Kusoma miundo ya data ya kerneli ya Linux kwa programu moja, matoleo mengi

Chukua programu ya BPF (programu ndogo inayopakiwa na kukimbia ndani ya kerneli) inayosoma `task_struct`, muundo unaoeleza kila mchakato, kwa ofseti (umbali wa uga kutoka mwanzo wa muundo) ulizoandika kwa mkono kwenye kerneli 5.8, uipeleke kwenye 5.15. Itapakiwa bila neno. Itakuletea namba, na namba zenyewe zitakuwa za uga mwingine kabisa. Afadhali ingegoma.

Chanzo si toleo peke yake. Nyuga nyingi za `task_struct` zimezungushiwa `#ifdef` (sharti la kuingizwa au kuachwa wakati wa kujenga), kwa hiyo kerneli mbili za toleo lilelile zilizojengwa kwa mipangilio tofauti zina ofseti tofauti. Halafu kuna distro zinazorudisha mabadiliko mapya ndani ya kerneli ya zamani: RHEL 8 inajitambulisha kama 4.18, lakini ndani yake kuna mambo mengi ya 5.x. Ukijenga programu yako juu ya `uname -r`, amri inayotaja toleo la kerneli, umejenga juu ya lebo. Somo hili linafuata njia nyingine: kuuliza muundo wenyewe umekaaje, wakati programu inapakiwa. Mbinu inaitwa CO-RE (Compile Once, Run Everywhere, yaani kompaili mara moja, kimbiza popote), na inategemea BTF (imeelezwa hatua ya 1), kompaila ya clang na libbpf, maktaba inayopakia programu za BPF.

Hatua ya 1: Hakikisha kerneli inajieleza

BTF ni maelezo ya aina za data zilizomo ndani ya kerneli: jina la muundo, majina ya nyuga, na kila uga unaanzia biti ya ngapi.

```
ls -lh /sys/kernel/btf/vmlinux
```

Faili ikiwepo, endelea. Isipokuwepo, ama kerneli ni ya zamani, ama haikujengwa na `CONFIG_DEBUG_INFO_BTF=y`. Unayejenga kerneli mwenyewe, sakinisha kwanza `pahole` kutoka kifurushi cha dwarves. Bila hiyo, kutegemea toleo, chaguo halitaonekana kabisa au ujenzi utakwama kwenye kuunganisha vmlinux, baada ya kusubiri kote huko.

Hatua ya 2: Tengeneza vmlinux.h

```
bpftool btf dump file /sys/kernel/btf/vmlinux format c > vmlinux.h
```

Utapata faili moja yenye mistari zaidi ya laki moja. Inatengenezwa mara moja, kwenye mashine ya kujengea, na inatosha moja kwa kila aina ya prosesa (`pt_regs`, muundo wa rejista za prosesa, wa x86 si wa arm64). Chagua kerneli mpya kuitolea, kwa sababu ni rahisi kuongeza uga mmoja wa zamani kwa mkono kuliko kukisia ya mbele.

Mitego miwili hapa. Usichanganye `vmlinux.h` na vichwa vya `linux/*.h` kwenye faili moja, utamwagiwa makosa ya aina kutangazwa mara mbili. Na makro hazimo: BTF inabeba aina, haibebi `#define`. `ETH_P_IP` na ndugu zake utaziandika mwenyewe.

Hatua ya 3: Andika programu

```c
#include "vmlinux.h"
#include <bpf/bpf_helpers.h>
#include <bpf/bpf_core_read.h>

char LICENSE[] SEC("license") = "GPL";

SEC("tp/sched/sched_process_exec")
int kagua(void *ctx)
{
    struct task_struct *t = (void *)bpf_get_current_task();
    int mzazi = BPF_CORE_READ(t, real_parent, tgid);

    bpf_printk("mzazi=%d", mzazi);
    return 0;
}
```

`BPF_CORE_READ(t, real_parent, tgid)` ni sawa na kuandika `t->real_parent->tgid`, ila kila mshale unasomwa kwa usalama na kila ofseti inawekewa alama ya kurekebishwa. Kumbuka `tgid` ndiyo inayoitwa PID na watumiaji. Uga wa `pid` ndani ya kerneli ni namba ya uzi.

Pointa ikiwa mbovu, mashine haianguki: usomaji unashindwa na unapata sifuri. Kwa hiyo `mzazi=0` inaweza kuwa kosa lililovaa nguo za jibu. Unapohitaji kujua, tumia `BPF_CORE_READ_INTO(&mzazi, t, real_parent, tgid)`, inarudisha msimbo wa kosa wa usomaji wa mwisho. Kwa maandishi kama `comm`, tumia `BPF_CORE_READ_STR_INTO`.

Hatua ya 4: Kompaili

```
clang -g -O2 -target bpf -D__TARGET_ARCH_x86 -c kagua.bpf.c -o kagua.bpf.o
llvm-strip -g kagua.bpf.o
```

`-g` si ya mapambo. Ukiiacha, BTF ya programu haizalishwi na mbinu nzima inakufa. `llvm-strip -g` inaondoa taarifa za DWARF (za kutafutia makosa) na kuiacha BTF, faili inapungua sana. Anza na clang 10. Kuuliza kama aina au thamani ya enum ipo kunahitaji matoleo ya baadaye kidogo.

Inafaa uelewe kilichotokea ndani ya hiyo `.o`. Kompaila imeandika ofseti ya `real_parent` kama ilivyo kwenye `vmlinux.h` yako, ikiwa namba ya kawaida ndani ya agizo la mashine. Pembeni, kwenye sehemu ya `.BTF.ext`, imeweka rekodi: agizo la ngapi, aina gani, na njia ya kuufikia uga, mfano `0:68`, yaani uga wa 68 wa muundo kwa hesabu inayoanzia sifuri. Wakati wa kupakia, libbpf inasoma rekodi, inageuza 68 kuwa jina `real_parent`, inalitafuta jina hilo kwenye BTF ya kerneli iliyopo, kisha inafuta namba ya zamani ndani ya agizo na kuandika mpya. Kerneli inapokea programu ambayo tayari ina ofseti zake yenyewe, wala hakuna gharama ya ziada wakati wa kukimbia. Ulinganisho ni wa majina. Ndiyo maana uga ukihama hakuna shida, ukibadilishwa jina kuna kazi.

Hatua ya 5: Nyuga zilizobadilishwa jina

Mfano unaowaumiza wengi: `state` ya `task_struct` iligeuka `__state` kwenye Linux 5.14, ikatoka `volatile long` ikawa `unsigned int`.

```c
struct task_struct___zamani {
    long state;
} __attribute__((preserve_access_index));

static __always_inline __u32 hali(struct task_struct *t)
{
    struct task_struct___zamani *z = (void *)t;

    if (bpf_core_field_exists(t->__state))
        return BPF_CORE_READ(t, __state);
    return BPF_CORE_READ(z, state);
}
```

Alama tatu za mstari wa chini, yaani `___`, zina maana maalumu: libbpf inapuuza kila kilicho baada yake, kwa hiyo `task_struct___zamani` inatafutwa kama `task_struct`. Muundo wako hauhitaji nyuga zote. Taja unaoutaka tu.

`bpf_core_field_exists` inageuka 0 au 1 wakati wa kupakia. Kihakiki (sehemu ya kerneli inayokagua programu kabla ya kuikubali) kinaona tawi moja haliwezi kufikiwa na kulitupa, hata kama ndani yake kuna usomaji usiowezekana. Kwa hiyo usomaji ukae ndani ya tawi lake. Ukiutoa nje ya `if` kwa kutaka kupendezesha msimbo, programu itakataliwa.

Angalia pia ukubwa. `BPF_CORE_READ` inarekebisha ofseti, lakini idadi ya baiti inazosoma ni ya aina uliyoitangaza wewe. Ungeitangaza `__state` kuwa `long`, ungesoma baiti 8 mahali penye 4, na nne za jirani zingeingia kwenye jibu. Ukiwa na shaka, linganisha na `bpf_core_field_size`.

Hatua ya 6: Enum na mipangilio

Thamani za enum nazo huhama. Ndani ya `cgroup_subsys_id`, namba ya `memory_cgrp_id` inategemea ni mifumo gani iliyowashwa wakati wa kujenga, kwa hiyo usiiandike kwa mkono: `bpf_core_enum_value(enum cgroup_subsys_id, memory_cgrp_id)`. Mipangilio ya kerneli inasomwa kwa `extern int CONFIG_HZ __kconfig;`.

Kuna jambo ambalo CO-RE haiwezi kukusaidia: maana. `utime` ya `task_struct` ilibadilika kuwa nanosekunde kwenye 4.11, jina likabaki lilelile. Muundo hauwezi kukuambia hilo. Hapo, na karibu hapo tu, kulinganisha `LINUX_KERNEL_VERSION` kuna haki yake.

Hatua ya 7: Pima

Kwenye kila kerneli unayoilenga:

```
pahole -C task_struct /sys/kernel/btf/vmlinux | grep real_parent
bpftool -d prog load kagua.bpf.o /sys/fs/bpf/kagua
```

Ya kwanza inaonyesha ofseti halisi. Ya pili, kwa sababu ya `-d`, inachapa kila rekodi iliyorekebishwa, kutoka namba gani kwenda gani. Ofseti ya mwisho ilingane na ya `pahole`.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mkuu, shukrani kwa somo. Kwangu 5.15 inakubali, 5.4 inakataa na ujumbe `invalid func unknown#195896080`. Sijaita kazi yoyote yenye namba hiyo.

Jibu: Hukuita wewe. Igeuze iwe heksa utapata 0xbad2310, yaani utani wa waandishi wa libbpf kwamba rekodi ya marekebisho ni mbovu. Uga au aina fulani haikupatikana, libbpf ikaweka agizo la sumu mahali pake, na kihakiki kikalifikia. Pakia kwa `-d`, tafuta mstari unaotaja uga huo, kisha uufungie ndani ya `bpf_core_field_exists`. Libbpf za karibuni zinaandika wazi kwamba ni rekodi ya CO-RE.

Swali: Nina mashine za kerneli 4.15 zisizo na BTF na siruhusiwi kuzigusa kerneli. Ndiyo basi?

Jibu: Hapana. Libbpf inakubali BTF kutoka faili la nje kupitia `btf_custom_path` kwenye `bpf_object_open_opts`. Mradi wa BTFHub unahifadhi faili za kerneli nyingi za distro maarufu. Kila moja ni megabaiti kadhaa, kwa hiyo usisafirishe zima, kata kinachohitajika na programu yako tu:

```
bpftool gen min_core_btf kamili.btf ndogo.btf kagua.bpf.o
```

Inabaki kilobaiti chache. Ila `fentry` na `tp_btf`, aina za programu zinazopewa pointa zenye aina inayojulikana, hutazipata huko, kwa sababu hizo zinataka BTF iliyo ndani ya kerneli yenyewe. Baki na kprobe (kunasa kazi ya kerneli) na tracepoint (vituo vya kunasia vilivyowekwa ndani ya kerneli).

Swali: Nataka kusoma muundo ulio ndani ya moduli, `nf_conn` ya nf_conntrack. Kwenye vmlinux.h siuoni.

Jibu: Ikijengwa kama moduli, BTF yake iko `/sys/kernel/btf/nf_conntrack`, kuanzia 5.11, na moduli iwe imepakiwa. Huna haja ya kutoa faili zima. Tangaza `struct nf_conn` yako yenye nyuga unazotaka na `preserve_access_index`. Libbpf inatafuta vmlinux kwanza, halafu moduli.

Swali: Je, kwenye `fentry` bado nahitaji BPF_CORE_READ? Nimeona watu wanaandika mshale tu.

Jibu: Hapo kihakiki kinajua aina ya pointa, kwa hiyo `t->real_parent->tgid` inatosha, na marekebisho ya ofseti yanafanyika vilevile kwa kuwa `vmlinux.h` imewekewa `preserve_access_index` tayari. Vivyo hivyo kwa `bpf_get_current_task_btf()`, kuanzia 5.11. Lakini ukiipitisha pointa kwenye `void *` au `u64` ikapoteza aina, unarudi kwenye makro.

Swali: Nyuga za biti chache zinanikataa, kompaila inasema siwezi kuchukua anwani yake.

Jibu: Ni kweli, uga wa biti hauna anwani. Tumia `BPF_CORE_READ_BITFIELD_PROBED(sk, uga)`. Inachukua ngazi moja tu, kwa hiyo fika kwanza kwenye muundo wenyewe kwa `BPF_CORE_READ`, kisha soma biti.