Somo: Sentro loki ya mlango imekufa? Badili mota, acha kitasa

Mlango wa dereva ndio hutangulia kufa, maana ndio unaofunguliwa kuliko yote. Unabonyeza rimoti, milango mitatu inaitika "tak!", wa nne unakoroma tu. Ukienda dukani utauziwa kitasa kizima. Lakini kwenye Toyota nyingi tunazoagiza Japani, chuma cha kitasa huwa hakina tatizo lolote. Kilichochoka ni mota ndogo ya volti 12 iliyomo ndani yake, mara nyingi ya aina ya FC-280, ambayo brashi zake (vile vipande vya kaboni vinavyopeleka umeme ndani ya mota) zimelika. Bei ya mota hiyo ni ndogo sana ukilinganisha na kitasa kipya.

Kabla hujafungua chochote, hakikisha mgonjwa ni mota kweli. Milango yote ikiwa imekufa kwa mpigo, angalia kwanza fyuzi iliyoandikwa DOOR au D/L. Ikiwa ni mlango mmoja, chomoa ule mpira unaopitisha nyaya kati ya mlango na bodi, kisha zivute kidogo moja moja. Waya hukatika humo kwa kukunjwa kila siku, na kwa nje huoni kitu. Nyaya zikiwa salama, zungusha funguo kwa mkono: kama kitasa kinafunga na kufungua vizuri, ila kwa rimoti kinashindwa, mota ndiyo hiyo.

Andaa bisbisi ya nyota, bisbisi bapa iliyozungushiwa kitambaa, soketi namba 10, biti ya toksi T30 (kichwa chenye ncha sita kama nyota), wembe, grisi nyeupe na simu ya kupigia picha.

1. Pandisha kioo hadi juu, halafu toa waya wa hasi wa betri. Subiri walau sekunde 90, kama Toyota wenyewe wanavyoelekeza, mfumo wa eabegi (mifuko ya hewa ya usalama) uishiwe umeme.

2. Toa skrubu za paneli ya ndani. Moja hujificha nyuma ya mkono wa kufungulia, nyingine ndani ya pango la kushikia unapovuta mlango. Ng'oa kibao cha swichi na uchomoe soketi zake. Sasa vuta paneli kuanzia chini, klipu moja baada ya nyingine, kisha inyanyue juu itoke kwenye ukingo wa kioo. Usiivute kwa nguvu, bado imeshikwa na kebo za mkono wa ndani; zichomoe kwanza.

3. Bandua nailoni iliyobandikwa nyuma ya paneli taratibu, upande wa kitasa tu. Ile gundi nyeusi usiifute, utaihitaji kurudishia. Nailoni ikichanika, mvua inayopenya kwenye kioo itaishia kwenye zulia.

4. Achanisha fito (vyuma vyembamba) zinazotoka kwenye mkono wa nje na kwenye tundu la funguo. Klipu zake huzungushwa pembeni, hazivutwi. Kama reli ya kioo inazuia njia, legeza bolti yake ya 10.

5. Ukingoni mwa mlango kuna skrubu tatu. Nyingi ni T30, nyingine ni za nyota kubwa. Huwa zimekaza mno, kwa hiyo gonga bisbisi kwa nyundo kidogo kabla ya kuzungusha. Kichwa kikishaliwa hapo, kazi ya saa moja inakuwa ya siku nzima.

6. Kitasa kikitoka, piga picha kila upande. Fungua skrubu ndogo za kasha la plastiki. Kama limegandishwa kwa gundi, pitisha wembe kwenye mshono. Weka alama upande wa chanya wa mota kabla ya kuing'oa. Hamishia gia kwenye mota mpya, ikae kina kilekile. Futa grisi iliyokauka, paka mpya kidogo, funga kasha na zungushia silikoni.

7. Rudisha kitasa, fito na soketi, unganisha betri, lakini MLANGO UBAKI WAZI. Sukuma ulimi wa kitasa kwa bisbisi mpaka ujifunge, bonyeza rimoti kufunga na kufungua mara kadhaa, kisha vuta mkono wa nje na wa ndani. Ulimi ukiachia kwa mikono yote miwili, ndipo ufunge mlango. Ukiruka hatua hii na fito moja ikawa haijashika, mlango utajifunga usifunguke ndani wala nje.

MASWALI YA WANACHAMA

Mkuu, wangu umeshajifunga, haufunguki ndani wala nje. Nikate?
Usikate. Rudisha kiti nyuma kabisa upate nafasi, toa paneli mlango ukiwa umefungwa, kisha vuta fito ya kufungulia kwa mkono. Itakuchosha, na klipu kadhaa zitavunjika, lakini inawezekana.

Mlango wa nyuma unafunguka nje tu, ndani hapana. Ni mota?
Hapana dada. Angalia ukingo wa mlango huo, kuna kiswichi kidogo cha kuzuia watoto. Kirudishe.

Nimebadili mota, sasa nikibonyeza kufunga mlango huo unafunguka.
Chanya na hasi zimepishana. Fungua kasha, linganisha na alama yako, igeuze. Kama mota haikubali kukaa vingine, umeuziwa yenye mzunguko wa kinyume. Irudishe dukani pamoja na ile ya zamani, walinganishe namba na urefu wa shafti.

Ndugu, naweza kupaka oili chafu ya injini badala ya grisi?
Italainisha wiki moja, halafu itakusanya vumbi ligeuke tope. Kopo dogo la grisi nyeupe linatosha milango yote minne na kubaki.